UFUNGUO NA DAFTARI

(Hotuba iliyotolewa Bariadi katika mkutano wa wanafunzi wa zamani na mmoja wao, ambaye ni mtumishi wa Serikali)



Tulipokuwa wanafunzi hapa, Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga; Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kompyuta tulizisikia kwa masikio tu. Asubuhi ya leo nimeonyeshwa programu ya maktaba iliyotengenezwa na vijana wa chama cha kompyuta pamoja na mwalimu wao. Wanataka iwe programu huria, shule nyingine ziichukue bure, nasi tulio mbali tuchangie kazi yetu. Nawapongeza kwa dhati. Nikauliza maswali mawili: ufunguo wake anao nani, na ni wapi palipoandikwa jinsi inavyofanya kazi? Yote mawili yalipata jibu moja: "Mwalimu anajua." Jibu hilo limenifanya niiweke kando hotuba niliyoiandaa.

Niwaeleze sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana wetu hodari alitutengenezea programu ya kuandikisha wakulima wa pamba waliochukua mbegu na dawa kwa mkopo. Kisha akapata uhamisho. Tukaandika hati ya makabidhiano kama utaratibu unavyotaka: meza 4, viti 9, kabati la chuma 1 na funguo zake 2. Nikatia sahihi. Programu haikuwamo katika orodha. Wiki chache baadaye mashine ikadai neno la siri ambalo hakuna aliyelijua, na simu ya kijana haikupatikana. Tukarudi kwenye daftari la zamani. Mzee mmoja akadaiwa mkopo. Akasema, "Mwanangu, deni hilo nimelipa. Mashine yenu inajua." Ni kweli mashine ilijua, ila sisi hatukuwa na njia ya kuiuliza. Mzee akalipa mara ya pili. Kijana alipopatikana baada ya miezi miwili, tukakuta mzee alisema kweli. Fedha zake zilirudishwa, lakini siku ile sikuweza kumtazama usoni. Kosa halikuwa la kijana. Lilikuwa langu mimi niliyetia sahihi.

Sasa, programu huria ni nini? Ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiamuru kompyuta, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Watu wa hapa hawana haja ya kufundishwa jambo hili toka mwanzo, kwa maana wazee wetu waliujua ushirika. Wakulima wa pamba wa kanda hii, wakiongozwa na Paul Bomani, walikwisha kuwa na shirikisho lao la vyama vya ushirika mwaka 1955. Katika chama kila mwanachama huleta pamba yake na ana haki ya kuitazama mizani. Lakini si kila mwanachama huandika katika daftari. Kusoma ni kwa wote. Kuandika ni kwa aliyekabidhiwa, na aliyekabidhiwa hukaguliwa.

Mfano mzuri wa jambo hili uko kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, mfumo ule ukazidiwa. Hapo ndipo, mwaka 2004, ilipoanza kazi ya kutengeneza OpenMRS, ambayo iliingia kazini Eldoret mwaka 2006. Baadaye Kenya na Uganda zilijenga juu yake mifumo yao, KenyaEMR na UgandaEMR. Angalieni vizuri: kilicho wazi ni msimbo. Jalada la mgonjwa ni siri yake na daktari wake.

Je, wachangiaji wa nchi mbalimbali wanafanyaje kazi bila kuvurugana? Mgeni hapewi ufunguo siku ya kwanza. Huanza kwa kusoma maelezo yaliyowekwa mahali pa wazi, kisha huchukua kazi ndogo iliyoandikwa katika orodha. Akimaliza, hupeleka marekebisho yake, na mtu mwingine huyapitia kabla hayajaingizwa katika ghala. Kadiri anavyoonyesha kazi na tabia, hupandishwa ngazi, na ngazi hizo zimewekwa wazi hadi ya 5. Kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya na tarehe yake. Sisi wa masjala tunalifahamu jambo hilo: ni folio ndani ya jalada.

Lakini ngazi peke yake haitoshi. Iko programu huria iitwayo xz, inayobana mafaili ili yachukue nafasi ndogo, nayo hutumika katika kompyuta nyingi mno duniani. Kwa miaka mingi iliangaliwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2021 akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho mazuri. Majina mengine yakamshinikiza Collin, aliyekwisha choka, agawe madaraka. Mwishowe Jia Tan akapewa ufunguo, na mapema mwaka 2024 akapachika mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Tena sehemu ya kuuamsha mlango huo hakuiweka katika ghala la wazi, bali katika kifurushi alichowagawia watu. Uligunduliwa Machi 2024 na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia katika kompyuta yake kumechelewa kwa nusu sekunde.

Ndugu zangu, ofisi yangu iliumia kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja. Programu ya xz iliumia kwa sababu mtu mmoja aliyechoka aliutoa bila mwenzake wa kumsaidia kupima. Ugonjwa ni mmoja: mali ya wote kuegemea bega moja.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa vijana wetu. La kwanza, ufunguo wa programu yenu uwe kwa watu watatu: mwalimu, mwanafunzi na mmoja wetu wa zamani, na mwanafunzi anapomaliza Kidato cha Nne aukabidhi kwa maandishi, jina lake lifutwe siku hiyo hiyo. La pili, mtu yeyote asiingize badiliko lake mwenyewe kabla mwingine hajalisoma, hata akiwa ni mwalimu. La tatu, anayebadili programu abadili na maelezo yake siku ileile, kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza atakifuata peke yake hadi mwisho. Akikwama, maelezo ndiyo yenye kosa, wala si mtoto.

Mwalimu wetu huyu ni mtumishi wa umma kama mimi. Barua ya uhamisho huja bila hodi. Namwomba asikasirike nikisema kwamba heshima kubwa tutakayompa ni kuifanya kazi yake iweze kuendelea bila yeye. Nami niko tayari kushika mmoja wa funguo hizo tatu, na safari hii nitasoma orodha yote kabla ya kutia sahihi.