Mbwa wa Mbio na Shamba la Mahindi

Mahindi yameanza kubeba, na wenzetu wanaolima kando ya mapori wamekwisha kupanda madunguni. Usiku kuna nguruwe mwitu, mchana nyani na ngedere. Kwa hiyo leo naacha kidogo habari za mbolea, tuzungumze juu ya mlinzi asiyedai mshahara, yaani mbwa.

Sisemi yule mbwa mnene wa kizungu anayekaa nyuma ya geti huko mjini. Nasema huyu wetu wa kienyeji: mwembamba, miguu mirefu, manyoya mafupi, mara nyingi mkia ameukunja mgongoni. Wengi humdharau. Lakini mtazame vizuri, utaona ni mbwa wa mbio. Tangu enzi za mababu alitumika kufukuza ndezi, digidigi na nguruwe. Huko Kongo wako jamaa zake waitwao basenji, ambao hawabweki kama mbwa wengine, na wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue wamefika wapi kichakani.

Sasa, mbwa wa namna hii ana tabia moja kubwa: kila kinachokimbia, yeye hukifuata. Hachagui. Leo ni ngedere, kesho ni kuku wa jirani, keshokutwa ni mtoto anayerudi shuleni mbio. Si ubaya wa moyo, ndivyo alivyo. Basi kazi yako wewe mwenye mbwa ni kuielekeza tabia hiyo. Na mahali tunapoharibu ni kwenye mnyororo.

Nikipita vijijini naona mbwa kafungwa chini ya mwembe tangu alfajiri hadi jioni. Ukiuliza, mzee anakujibu, "Bwana shamba, nataka awe mkali." Kweli atakuwa mkali, lakini ukali huo si ulinzi. Mbwa wa mbio akikaa siku nzima bila kazi, huchimba, hutafuna kamba, hulia, na siku anayofunguka humrukia yeyote aliye karibu. Mara nyingi huyo ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Mtembeze. Nenda naye shambani asubuhi, mzunguke mipaka yote, arudi amechoka. Mbwa aliyechoka hana habari na kuku wa mtu.

Mafunzo yaanze mapema. Mwache mtoto wa mbwa kwa mama yake majuma 8, kisha umlee kati ya kuku, mbuzi na watoto, awazoee. Mwite kwa jina lake (hata kama umemwita Watasema, si neno), akija mpe kipande cha ukoko. Na jambo hili lishikeni sana: mbwa akikimbilia porini akachelewa, akirudi usimpige. Yeye hajui kwamba unampigia lile la saa mbili zilizopita. Anajua tu kwamba amekuja kwako akapigwa. Kesho ukimwita hatakuja.

Huko shambani usimtume peke yake. Nyani dume ana meno marefu kuliko ya mbwa, na nguruwe mwitu aliyebanwa anaweza kumpasua tumbo. Kazi ya mbwa ni kubweka na kutoa habari. Nawe uwe karibu na kelele zako na debe lako. Wala ulinzi wa shamba usigeuke uwindaji. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori, na kuingiza mbwa hifadhini ni hatari hata kwa wanyama. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani.

Chakula chake si kazi ngumu: ugali wa dona, dagaa, mabaki ya nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma ndani. Maji yawepo kila wakati, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mtengee chombo chake mwenyewe. Hii itawafaa hasa ndugu zetu Waislamu, wenye taratibu zao juu ya chombo kilichorambwa na mbwa. Siku ya kuchinja, ukiona maini au mapafu yana vifuko vya maji, usimtupie mbwa. Choma moto au fukia chini sana. Ndani yake mna vijidudu vya tegu. Mbwa akivila, mayai hutoka na kinyesi chake, na mtu akiyameza hupata vifuko vile vile tumboni mwake. Kina mama, watoto wanawe mikono wakishacheza na mbwa.

Sasa nifike kwenye jambo zito, kichaa cha mbwa. Mbwa anayezunguka porini hukutana na mbweha na fisi, na akiumwa na mwenye ugonjwa, anauleta nyumbani. Hapa ndipo kujua tabia ya mbwa wako kunaweza kuokoa mtu. Yule mchangamfu akianza kujificha gizani, au mpole akauma bila kuchokozwa, sauti ikabadilika, taya likalegea na mate yakamtoka, usimshike mdomo kutafuta mfupa! Waondoe watoto, mwite bwana mifugo upesi.

Aliyeumwa, au aliyerambwa penye jeraha, aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Halafu aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano za kinga. Asipake majivu wala majani, asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishamwanza mtu, karibu hakuna anayepona.

Chanjo ya mbwa ipo, na hurudiwa kwa ratiba anayotoa bwana mifugo. Siku kampeni ikitangazwa kijijini, mpeleke kila mbwa, hata watoto wachanga. Wengi huwaacha nyumbani wakidhani hawajafikia umri. Na yule wa mbio mfunge kamba tangu jana yake jioni, la sivyo asubuhi utamtafuta mpaka wachanjaji wanaondoka. Cheti kihifadhiwe pamoja na karatasi za nyumba.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya dumuzi ghalani. Kwaherini.