KAZI NI UTU

Hotuba kwa vijana waliomaliza shule, Morotonga, Wilaya ya Serengeti



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi. Nitaanza na jibu ambalo kila mmoja wetu hapa amepata kulisikia. Kijana akiulizwa anafanya kazi gani, hujibu: "Sina kazi, nipo nyumbani tu, nalima." Ndugu zangu, jibu hilo ni ugonjwa. Mtu aliyedamka na jogoo, akapalilia mahindi yake mpaka jua la utosi, anawezaje kusema kwamba hana kazi?

Ugonjwa huu tuliurithi. Mkoloni alihitaji makarani wachache na vibarua wengi, na shule yake ikatufundisha kwamba mwenye kalamu ni bwana na mwenye jembe ni mtwana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikusudia kuivunja fikra hiyo. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, katika mkoa wetu huu huu, ikaazimia elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na kwamba kijana apitie kazini kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Maana yake ni kwamba kazi nayo ni shule, si adhabu ya waliofeli.

Tunao mfano wa jirani. Mwalimu Nyerere alipong'atuka katika Urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima. Tena jina alilobaki nalo mpaka alipofariki mwaka 1999 halikuwa la cheo. Lilikuwa la kazi: Mwalimu.

Lakini tusidanganyane. Fahari ya kazi haijengwi kwa hotuba. Katika nyumba zetu mama huchota maji, hulima, hupika na kulea. Mavuno yakifika, baba huuza mtama na kuzitia fedha mfukoni bila ya kumwuliza. Azimio la Arusha lilikwisha kukiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita waume zao. Leo tunamwambia mama huyo aionee fahari kazi yake! Ataioneaje, naye hana sauti juu ya jasho lake? Na mkulima anayepunjwa kwenye mizani, tutamlaumu kwa haki gani mwanawe akilikimbia jembe?

Basi, Ndugu Wananchi, fahari ya kazi ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni wa mfanyakazi mwenyewe: aijue kazi yake na aifanye vizuri hata pasipo msimamizi. Fundi anayepiga tofali lisilomong'onyoka, muuguzi anayempokea mgonjwa kwa upole, mchungaji anayemjua kila ng'ombe wake, hao wana cheo ambacho hakuna awezaye kuwavua. Mguu wa pili ni wetu sote: jasho la mtu lipate haki yake, nyumbani na sokoni. Ukikatika mguu mmoja, fahari huanguka.

Vijana, kesho mkiulizwa mnafanya kazi gani, msiinamishe vichwa. Semeni: "Mimi ni mkulima." Nanyi wazazi, jibu hilo lianze kuheshimiwa katika nyumba zenu, siku ya kugawana mavuno.