Mgeni na Sahani ya Matunda



Mama zetu, baba zetu, na nyinyi vijana wenzangu. Mada niliyopewa leo ni ya jikoni: kitu cha kumwekea mgeni mara tu baada ya adhana, kabla ya futari yenyewe.

Nianze na shida. Ziko nyumba ambazo Ramadhani inaingia mpaka inatoka, na hakuna mgeni aliyealikwa. Si uchoyo, ni aibu. Mtu anafikiria sambusa, katlesi, viazi karai, mkate wa sinia, biriani. Akipiga hesabu ya mafuta na nyama, anaona bora anyamaze. Na huku jirani yake, au mwanafunzi aliyepanga chumba peke yake, anafuturu chai na mkate akitazama ukuta.

Jamani, nani alituambia mgeni lazima apewe meza nzima? Ujira wa kumfuturisha aliyefunga haukuwekewa idadi ya sahani. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, akizikosa, kwa tende kavu, akizikosa hizo pia, kwa mafunda ya maji.

Basi tuchukue tende hiyo hiyo, tuiongezee matunda. Sisi watu wa Pwani embe na chumvi na pilipili tunaijua. Nenda Mama Ngina jioni utaikuta. Wenzetu wa India na Pakistani nao hufuturu kwa matunda yaliyonyunyiziwa masala ya chaat. Utamu, ukali na chumvi vikikutana, mdomo uliokauka mchana kutwa huamka.

Kwa watu 6 tafuta maembe 2 yaliyoiva nusu, nanasi dogo 1, tango 1, tende 6 na ndimu 1. Viungo ni kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba, ndiyo hiyo jira, chumvi nusu kijiko, pilipili ya unga kidogo na majani ya nanaa.

Kaanga jira bila mafuta, moto mdogo, mpaka inukie, kisha uitwange. Osha matunda kabla ya kumenya, na usitumie ubao uliokatia nyama. Kata vipande vidogo vya kuliwa kwa mdomo mmoja. Tende zitoe kokwa, uzikate nne nne. Changanya, kamulia ndimu, funika, weka mahali pa baridi.

Sasa sikilizeni hapa: chumvi na jira zitiwe mwisho, dakika chache kabla ya adhana. Chumvi huvuta maji. Ukiitia saa kumi, magharibi utampa mgeni supu. Tikiti maji pia liache, lina maji mengi. Pilipili iweke kando kwenye kisahani, kwani tumbo tupu la mtu mwenye vidonda halitaki mchezo. Mwenye kisukari mpunguzie tende na embe, muongezee tango.

Ramadhani husogea siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo si kila mara itaangukia msimu wa maembe. Hakuna neno. Tumia papai lililo gumu kidogo, chungwa au pera. Nunua kilicho rahisi sokoni siku hiyo.

Na nyinyi vijana wa kiume, msijifiche nyuma. Kumenya nanasi hakuhitaji ufundi wa mama. Saa kumi na moja jioni yeye yuko mbele ya karai la mafuta, jasho linamtoka, na yeye pia amefunga. Mkimtolea sahani hii, atakaa afungue pamoja na wageni, na magharibi ataiswali kwa wakati wake.

Kwa hivyo kesho usingoje mshahara. Bisha hodi kwa jirani, mwambie, "Karibu tufuturu, tulicho nacho ni matunda." Atakuja.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.