Kijiko chenye mnyororo: siku moja Dublin, kwa miguu na kwa mashua

(Maneno ya katibu wa kamati ya maendeleo ya parokia mbele ya mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)





Mwenyekiti ameniagiza nitoe taarifa ya safari yangu ya Ayalandi ya mwaka jana, tulipoalikwa na parokia rafiki ya Dublin. Ya vikao mmegawiwa kwenye karatasi, mtasoma wenyewe. Mimi nitazungumzia Jumamosi moja tu ambayo hatukuwa na kikao. Mwenyeji wetu, mama mmoja mwalimu mstaafu, alituambia tuvae viatu vya kutembelea na koti la mvua, maana leo tutauona mji kwa miguu na kwa mashua.

Tulianzia mtaa wa Dawson, kwenye makazi rasmi ya Meya wa jiji. Mwalimu alitusimulia kwamba jumba lile lina kibao cha kuwakumbuka Wachoctaw, ambao ni wenyeji asilia wa Marekani. Mwaka 1847 watu hao walisikia kwamba Waayalandi wanakufa njaa, wakachangishana dola 170 wakazituma. Wachoctaw wenyewe walikuwa wameanza kuondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao mwaka 1831, na wengi wao walifia njiani. Walichanga wakiwa bado wana majeraha yao. Ndugu zangu wa kamati, tunaposema parokia yetu ni maskini mno kutoa kitu, tuwakumbuke hao.

Kutoka hapo tukapita Chuo Kikuu cha Trinity, kilichoanzishwa mwaka 1592, tukaangalia tu uwanja wake wa mawe na kuendelea. Kwenye mtaa wa Eustace kuna nyumba ya ibada ya Wakweka. Hao walikuwa wachache sana nchini, lakini Novemba 1846 waliunda kamati yao ya misaada hapo Dublin, wakapeleka chakula na masufuria ya kupikia supu sehemu nyingi za nchi. Hawakumuuliza mtu dini yake. Nasema hivyo kwa sababu kulikuwa na wahubiri wengine waliotoa supu kwa sharti kwamba mtu aache Ukatoliki wake. Mpaka leo, ukimwambia Mwayalandi kwamba babu yake "alikunywa supu", umemtukana.

Basi tukafika mtoni. Liffey unatoka milima ya Wicklow na kuukata mji katikati mpaka baharini. Waviking, mabaharia wa Skandinavia, waliweka kambi yao hapo mwaka 841, na jina la Dublin lenyewe maana yake ni bwawa jeusi. Maji yake siku ile yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Tukavuka daraja dogo la chuma la watembea kwa miguu, lililojengwa mwaka 1816. Wanaliita daraja la nusu peni, kwa sababu mpaka mwaka 1919 kila aliyevuka alilipa ushuru wa nusu peni. Nikawaza mtu asiyekuwa na nusu peni alivukaje.

Mashua tuliipanda karibu na hapo. Ni ya chini, imefunikwa kwa vioo, maana madaraja ya Dublin ni mafupi na mto ule unapwa na kujaa kama bahari yetu. Maji yakijaa sana mashua haipiti, inasubiri. Ninyi mliokulia pwani mtaelewa. Tulielekea mashariki, upande wa bandari. Ukiwa mjini unaona maduka na majumba, lakini ukiwa chini pale majini unaona kuta za gati, ngazi za mawe zenye ukoka wa bahari, na pete za chuma za kufungia meli. Jengo la Forodha, lililokamilika mwaka 1791, linaonekana kubwa maradufu. Nikaelewa kwamba kwa watu wengi sana hiyo ndiyo ilikuwa picha ya mwisho ya nchi yao.

Tuliposhuka, mwalimu alitupeleka kwenye sanamu za njaa, pale pale ukingoni. Ni za shaba, kazi ya Rowan Gillespie, na zipo hapo tangu mwaka 1997. Ni watu waliokonda, nguo zimechanika, wanatembea kuelekea kwenye meli. Mmoja amebeba mwenzake mabegani. Nyuma anafuata mbwa. Zimewekwa chini, hazina jukwaa, kwa hiyo unapita katikati yao na mnalingana urefu. Sisi wageni wanne tuliacha kuongea.

Niwakumbushe kwa kifupi. Mwaka 1845 viazi vya Ayalandi vilishambuliwa na ugonjwa wa ukungu, ule ule unaowatia hasara wakulima wa viazi mviringo kule Njombe na Mbeya. Maskini walikuwa hawana chakula kingine. Wakati huo huo meli ziliendelea kutoka bandarini zikiwa na nafaka na mifugo kwenda Uingereza. Katika miaka michache walikufa watu kama milioni moja, na zaidi ya milioni moja wakahama. Kisiwa kile kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Mpaka leo hakijafikia tena idadi hiyo.

Mchana miguu ilikuwa imechoka, tukapanda treni ya mjini kwenda upande wa magharibi, kwenye kambi ya zamani ya jeshi ambayo sasa ni makumbusho. Mbele yake pana uwanja wa majani unaoteremka mtoni. Ukiangalia hakuna kitu. Lakini hapo ndipo Aprili 1847 palipofunguliwa jiko la supu la Alexis Soyer, mpishi Mfaransa aliyekuwa na jina kubwa London. Mpango wake ulikuwa mzuri kwa hesabu: kengele inalia, wanaingia watu 100, wanakula, kengele inalia, wanatoka kwa mlango mwingine wakipewa mkate, wanaingia 100 wengine. Maelfu walikula kila siku, na simlaumu kwa hilo. Lakini vijiko vilifungwa kwa minyororo kwenye meza. Na siku ya ufunguzi matajiri wa mji waliingia kwa kulipa shilingi tano kila mmoja, wapate kuwatazama maskini wakila.

Shilingi tano za kutazama! Mwalimu alisema neno hilo polepole, kwa Kiingereza chake cha darasani. Mimi nikageuka nikauangalia mto, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jambo la nyumbani.

Wengine wenu mlikuwepo. Wakati wa ukame wa mwaka 2006 tuligawa mahindi ya msaada uwanjani mbele ya kanisa. Tuliweka turubai na viti kwa ajili ya wageni, na soda. Walengwa tuliwapanga juani. Tukasoma majina kwa kipaza sauti, na kila mama akipokea debe lake anasimama kidogo apigwe picha. Aliyepanga utaratibu ule ni mimi, na nilipongezwa. Kuna mama mmoja alijifunika uso kwa khanga, nikamwambia aifunue. Awamu ya pili hakuja. Alimtuma mtoto wa miaka tisa, na mtoto hakuweza kubeba debe.

Tuliondoka pale uwanjani tukatembea kama robo saa hadi mtaa wa Bow, nyuma ya Mahakama. Hapo Wakapuchini wana kituo cha chakula kilichoanzishwa mwaka 1969 na Bruda Kevin Crowley, aliyefariki mwaka 2025, baada ya kuona watu wakitafuta chakula kwenye mapipa ya taka. Baba Mtakatifu Fransisko alikitembelea Agosti 2018. Tulisimama upande wa pili wa barabara, hatukuingia. Mwalimu alituzuia kwa upole: wanaokula ndani hawaulizwi jina wala sababu, na hawapendi kutazamwa. Mlango ulikuwa unafunguka na kufungwa. Harufu ya vitunguu tuliipata, basi.

Sasa, wafadhili wetu, najua taarifa zenu zinadai uthibitisho, na ni haki yenu. Mhasibu wetu hakubaliani nami, anasema bila picha mkaguzi atatuuliza maswali. Nimemjibu kwamba saini zipo, stakabadhi za ghala zipo, na magunia yanaweza kupigwa picha kabla hayajafunguliwa. Ugawaji wenyewe ufanywe na jumuiya ndogo ndogo, jioni, nyumba kwa nyumba, ambako kila mtu anamjua jirani yake na hahitaji kipaza sauti.

Hoja hiyo iko nambari 7 kwenye ajenda ya mchana. Yule mtoto wa miaka tisa ni mtu mzima sasa, na ni mjumbe wa kamati ya jumuiya yake. Nimemwomba aje aseme, na amekubali kuja, ila amesema haahidi kusema.