Kaboni ya Saba



Wahitimu wa kemia, iko alasiri moja ya maabara ambayo naamini hamjaisahau. Mlimimina kitendanishi cha Grignard juu ya barafu kavu iliyopondwa, ukafuka ukungu mweupe, na baada ya kutia asidi mkapata fuwele za asidi ya benzoiki. Niliwaambia mhesabu kaboni zake. Ni saba. Sita zinatokana na pete ya benzini. Ya saba ilitoka kwenye barafu kavu ile, yaani kabonidioksidi iliyogandishwa, hewa ile ile tunayoitoa puani.

Jambo hilo lilinishangaza nikiwa mwanafunzi, na linanishangaza hadi leo. Mwaka 1860, huko Ujerumani, Hermann Kolbe aliiunganisha hewa hiyo na fenoli akapata asidi ya salisiliki, ambayo baadaye ilituletea aspirini. Hata mkulima anayebeba mfuko wa yurea begani amebeba kabonidioksidi iliyoshikanishwa na amonia kwa joto na mkandamizo mkubwa.

Lakini sitawaaga kwa nusu ya ukweli. Yurea ikishamwagwa shambani, vimeng'enya vya udongoni huivunja na kabonidioksidi hurudi hewani, mara nyingi kabla mahindi hayajafika magotini. Na ile magnesi tuliyoitumia kutengeneza kitendanishi cha Grignard? Kuitoa kwenye madini yake kulimwaga kabonidioksidi nyingi kupita tuliyoifunga sisi. Kabonidioksidi ni jivu: cha kuungua kimekwisha kuungua, ndiyo maana imetulia hivyo. Anayetaka kuirudisha kazini sharti alipe nishati, na ni lazima aseme nishati hiyo ameitoa wapi.

Watu wa Iceland walijibu kwa mvuke wa ardhini. Kule Svartsengi walitumia umeme kutenganisha maji wapate hidrojeni, wakaiunganisha na kabonidioksidi ya kituo cha mvuke, ikawa methanoli. Ninyi mliotoka Naivasha mmekua mkiuona mvuke kama huo wa Olkaria ukipanda kila asubuhi. Vichocheo vya kutengeneza methanoli bado vinadai joto na mkandamizo mwingi. Natamani mmoja wenu atafute kilicho bora, akiwa karibu na mvuke ule.

Fuwele zenu sikuzitupa. Ziko rafu ya pili, kila chupa na jina lake. Maabara hufunguliwa saa mbili asubuhi.