Mjumbe na Siku ya Mwisho ya Mkutano
(Mazungumzo na viongozi wa walei, Chumbageni, Tanga)



Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa mjumbe anayetumwa mkutanoni na wenzake wa kazi, awe mwalimu, mwuguzi au bwana shamba. Wengi wetu tumekwisha kutumwa. Sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1994 walimu wa vijiji kadhaa vya Pangani na Muheza walinituma Morogoro, kwenye mkutano wa kikazi wa siku nne, nikiwa na neno lao moja: nyumba za walimu. Siku ya pili nililisema, nikapigiwa makofi. Siku ya tatu jioni tukalipwa posho yote. Alfajiri ya siku ya nne nikapanda basi, kwa kuwa niliamini kwamba kilichobaki ni risala na picha ya pamoja. Nilipokuwa nikinywa chai Segera, wenzangu walikuwa wakipitisha maazimio. La nyumba halikuwamo. Hakuna aliyelikataa, halikuwa na mtu wa kuuliza liko wapi. Mwalimu mmoja wa Pangani alipoisoma nakala aliniuliza kwa upole, "Mzee, na sisi je?" Sikuwa na jibu.

Katika mikutano mingi, siku za kwanza ni za kusema na siku ya mwisho ni ya kuandika. Kinachobaki ni kilichoandikwa. Tazameni Mkutano wa Dunia wa Wanawake, uliofanyika Nairobi kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai 1985. Miaka mitano kabla yake, huko Copenhagen, wajumbe walishindwa kukubaliana kwa kauli moja, na mzozo mmojawapo ulikuwa juu ya kutajwa kwa Uzayuni. Waraka ukapitishwa kwa kura, nchi 4 zikiupinga na nchi 22 zikijizuia. Mzozo huo huo ukazuka tena Nairobi, na hadi siku ya mwisho ulikuwa haujamalizika. Ndipo Kenya, nchi mwenyeji, ilipopendekeza neno hilo liondolewe, na badala yake zitajwe aina nyingine zote za ubaguzi wa rangi. Usiku wa manane ulikwisha kupita, ni tarehe 27, waraka mzima ulipokubaliwa kwa kauli moja. Mkutano wa Beijing wa Septemba 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu Getrude Mongella, ulikuwa na kazi ya kupima utekelezaji wa mikakati hiyo ya Nairobi. Aliyewahi kuondoka Nairobi mchana wa tarehe 26 hakuona jambo lile likimalizika.

Basi mjumbe afanye nini? Usiku wa kuamkia siku ya mwisho aitafute kamati inayoandika maazimio, aombe rasimu, aisome mstari kwa mstari. Neno la waliomtuma likiwa halimo, aliandike yeye mwenyewe kwa sentensi moja na kumpa katibu kabla kikao hakijaanza. Ukumbini, saa ya kufunga, hakuna anayesikiliza hotuba mpya. Likiwamo, aulize nani atalitekeleza, kwa fedha ipi, na lini. Azimio lisilo na mwenyewe ni salamu tu. Tena asiondoke bila nakala mkononi, kwa maana zile tunazoahidiwa kwa posta twazijua.

Waandaaji nao wana sehemu yao ya lawama. Mgeni rasmi huchelewa saa tatu, ratiba nzima ikasukumwa mbele, hata maazimio yakasomwa mbio mbio huku watu wamekwisha kushika mifuko yao. Na posho ikilipwa kabla ya kazi kwisha, viti vitabaki vitupu; hilo halihitaji utafiti. Lakini siwezi kuwalaumu wao kwa basi nililolipanda mwenyewe.

Mwezi ujao tutawachagua wajumbe wawili wa semina ya waelimishaji. Napendekeza tiketi zao za kurudi zikatwe za kesho yake baada ya kufungwa, na Jumapili inayofuata wasimame mbele yetu na nakala ya maazimio. Gharama ya kulala usiku mmoja zaidi nimekwisha kuizungumza na mweka hazina. Amekubali, kwa kunung'unika kidogo.