Motokaa Ikiinuliwa, Shafti Yaumia
(Maneno tuliyowaambia madereva na mafundi mkutanoni)



Twawashukuru kwa kuja, ingawa wengine wenu mmetoka safarini na hamjala bado. Chuma hiki kilicho mezani ni propela shafti ya Land Cruiser. Kros ya nyuma imepasuka na uma wake umepinda. Mwenzetu aliyekuwa akiiendesha amekatwa mshahara, maana tajiri asema alikanyaga mafuta ovyo. Sisi tulilala chini ya motokaa hiyo tukaipima, nasi twasema kosa lilianza siku ilipoinuliwa.

Matajiri wengi siku hizi wapenda motokaa ndefu. Watalii huipenda, na kwa picha yapendeza kweli. Lakini yafaa tujue ni nini kinachopanda. Ukiweka springi ndefu, chesisi yapanda pamoja na injini, giaboksi na transfa. Ekseli haipandi hata kidogo, kwa kuwa imeshikwa na magurudumu. Jiwe lililogonga difu jana litaligonga na leo. Kinachoinua difu ni tairi kubwa tu.

Basi shafti, ambayo imefungwa kwenye transfa upande mmoja na kwenye difu upande wa pili, hapana budi izidi kuinama. Shafti ya inchi 48, mwisho wake mmoja ukipanda inchi 2, huongeza mwinamo wa digrii 2 na kidogo. Shafti ya inchi 24 huongeza karibu digrii 5 kwa inchi 2 zile zile. Ndiyo sababu motokaa fupi huumia kwanza.

Na kros ina tabia yake. Ikizunguka hali imepinda, haizungushi sawasawa: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na hukawia mara mbili. Kwa digrii 10 tofauti ni kama 1.5 kwa mia, juu na chini. Kwa digrii 20 ni 6 kwa mia. Kros ya pili imewekwa ili isawazishe yale ya kwanza, lakini yaweza kufanya hivyo tu kama pembe zote mbili ni sawa na uma za shafti zimesimama katika mstari mmoja. Sasa mtu akiinua motokaa kwa shekeli ndefu, kwa kuwa ni bei nafuu, huigeuza ekseli, na pua ya difu haitazami tena ilipokuwa ikitazama. Pembe zaachana. Motokaa yatetemeka, sili ya difu yavuja, kros yachakaa. Tena gurudumu likining'inia shimoni, meno ya shafti yanayoteleza hutoka nje mpaka yabaki machache ndani, na nguvu yote yapita kwa hayo machache. Hivyo ndivyo tulivyoikuta hii iliyo mezani.

Mbele pia kuna shida. Land Rover Defender ya zamani ina ekseli iliyoshikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono huigeuza ekseli, usukani haujirudishi vema, na motokaa yayumba barabarani. Zile zisizo na ekseli nzima mbele, hafu shafti zake hupinda zaidi, mipira ya jointi yapasuka, vumbi laingia.

Tairi nalo lina deni lake. Ukitoa la inchi 31 ukatia la inchi 35, mzigo juu ya hafu shafti waweza kuongezeka karibu sehemu moja kwa nane, na kipimo cha mwendo chaonyesha kidogo kuliko mwendo wenyewe. Dereva akipigwa faini, nani alipe?

Mafundi, mkiambiwa muinue, semeni bei ya kazi nzima: kabari za kurekebisha ekseli, shafti ya urefu unaofaa, mipira mirefu ya breki, shokabsoba ndefu. Tajiri akikataa, andikeni kwenye kadi ya kazi kwamba amekataa. Twajua wengine mwaogopa. Kadi ni karatasi tu, lakini mwenzetu angekuwa nayo, leo tusingekuwa tukibishana.

Madereva, mkisikia mlio "ko" mnapoanza kuondoka, au mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani na kupotea mkiongeza, andikeni siku hiyo hiyo mkabaki na nakala. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la kukusudia la mfanyakazi. Kros iliyopasuka kwa sababu ya pembe mbaya si kosa la kukusudia. Kwa hoja hiyo tumemwandikia tajiri wa mwenzetu, tukimtaka arudishe fedha zote, na vipimo vya pembe tumeviambatisha.

Sasa sogeeni karibu muitazame shafti. Anayetaka kushika na ashike, ila tahadharini na ncha za uma, zakata.